Siku Tuliyokuta Kwa Nyakwesi Hakuna Nyumba

Ninyi mliobaki jikoni na mezani mliniambia, siku ile mnaniaga, niandike jinsi kazi ya wageni ilivyokuwa zamani. Naandika. Msitafute humu mwaka niliopandishwa cheo wala nilikuwa nalipwa nini. Hayo yamo kwenye faili langu, kama panya wameliacha. Nitaandika zaidi yale yaliyonishtua, maana ndiyo ninayoyakumbuka vizuri.

Niliingia kazini miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane, natoka kijiji cha wavuvi huko Majita. Jina langu ni Veronika, lakini baba yangu aliitwa Manyama, kwa hiyo jikoni wote waliniita Binti Manyama. Hoteli ilikuwa nyumba ya vyumba tisa pale Musoma, imejengwa juu ya mawe, na ziwa unaliona kila dirisha. Nilidhani siku ya kwanza nitapewa ufagio. Badala yake mpishi mkuu, Mzee Magesa, mtu mrefu asiyependa maneno mengi, alinionyesha gunia lililolowa kando ya jiko.

"Toa huyo samaki, msafishe," alisema.

Nilifungua gunia. Kamongo mnene kama mguu wangu akajirusha sakafuni, akafungua mdomo, akaning'ata kiatu. Nilipiga yowe mpaka mgeni mmoja akaja mbio kutoka mezani akiwa bado ana kitambaa shingoni. Nyumbani bibi yangu alikuwa amekataza wanawake hata kumgusa kamongo, achilia mbali kumla.

"Unalia nini?" Mzee Magesa aliuliza.

"Mzee, huyu yuko hai!"

"Kamongo anakaaga hai siku mbili nje ya maji. Hilo ulitakiwa kulijua, wewe mtoto wa mvuvi. Nilitaka nione kama utakimbilia kwenu."

"Nisingeweza, Mzee. Amekaa njia ya mlangoni."

Alicheka, jambo ambalo baadaye niligundua halitokei mara mbili kwa mwezi. Ndivyo nilivyoanza kazi.

Karibu yote niliyokuja kuyajua kuhusu jikoni ni yeye aliyenifundisha. Sato huparuliwa magamba ndani ya beseni la maji, yasikurukie usoni. Samaki humtazami macho, unamfungua shavu: likiwa jekundu ni wa leo, likiwa la kahawia ni wa hadithi. Vitambaa vya meza tulivikaza kwa uji mwepesi wa muhogo, vikasimama vyenyewe kama karatasi. Miaka ya shida, sabuni ilipopotea madukani pale Iringo, tulifua mashuka kwa majani ya mpapai. Mgeni mmoja alisifu harufu ya shuka lake akauliza tunatumia sabuni gani. Nilimwambia ni ya hapahapa.

Baadaye nilianza kutembeza wageni, kwa sababu nilikuwa na Kiingereza cha darasa la nane na Kijita cha kuombea njia. Dereva wetu alikuwa Chacha, Mkuria mmoja mpole, na gari lilikuwa Landrova ambayo mlango wake wa nyuma ulifungwa kwa kamba ya katani. Mzunguko ulikuwa huu: asubuhi tunakwenda mwaloni kuona samaki wakishushwa, kisha Butiama, nyumbani kwao Rais, na waliotaka kuiona Butiama hawakuhitaji kuelezwa sababu, kisha Bunda, kwenye mashamba ya pamba na ukingo wa hifadhi, mwisho njia ya Kisorya, kuona watu wakivuka kwenda Ukerewe. Wageni walinitisha kila wiki. Mmoja alivua nguo akaingia ziwani kuogelea mita thelathini kutoka kwa kiboko. Nilipopiga kelele alinipungia mkono. Mwingine alimaliza filamu nzima akipiga picha kiboko aliyelala. Lilikuwa jiwe.

Chakula cha mchana tulikula kwa Nyakwesi. Huyu alikuwa dada mkubwa wa Mzee Magesa, mjane, akikaa peke yake kwenye mji wake, nyumba moja na ghala, kando ya njia ya Bunda kwenda Kisorya. Nami kwa kuwa Mzee Magesa alikuwa amenilea kikazi, nilimwita Shangazi. Kuta za nyumba yake alizichora mwenyewe kwa udongo mwekundu na mweupe, mistari na duara, na kila baada ya mavuno alichora upya. Wageni walisimama kwanza kutazama ukuta, ndipo wakakumbuka njaa. Aliwapa ugali wa mtama na muhogo, sato wa kukausha aliyerostiwa kwa maziwa, na mlenda ambao wengi waliuogopa na wachache wakauomba tena. Hakuwahi kuuliza mgeni ametoka wapi. Aliuliza tu, "Huyu anakulaga nini kwao?"

Mgeni aliyempenda kuliko wote alikuwa Marisela, mwalimu wa kilimo kutoka Kuba. Alikuja na ujumbe wa watu wanne kuona pamba, na alikuwa amejifunza Kiswahili miezi sita Dar es Salaam. Aliketi chini kwenye ngozi, akala kwa mkono, akamweleza Nyakwesi kwamba kwao nako ni shamba, wanalima miwa, na wageni wakifika mji wao hupewa wali na maharage meusi na nguruwe wa kuchoma.

"Nguruwe mzima?" Nyakwesi aliuliza.

"Mzima, mama. Kwa watu wengi."

"Na ukuta wenu mnachora?"

"Tunapaka rangi. Buluu."

Nyakwesi aliwaza kidogo. "Buluu sina," alisema, kwa huzuni ya mtu aliyeshindwa shindano. Siku hiyo Marisela alipiga picha nyingi, akaahidi atazileta mwenyewe. Wageni wote huahidi hivyo, kwa hiyo hatukuweka moyoni.

Mwaka uliofuata ndio ulikuwa wa watu kuhamia vijiji vya Ujamaa. Tulisikia redioni, tukasikia sokoni. Mzee Magesa hakuwa na wasiwasi. "Dada yuko barabarani tayari," alisema. "Watamhamishia wapi tena?" Mimi mwenyewe nilikubaliana na mpango wenyewe, nasema kweli. Watu wakikaa pamoja, maji na shule na zahanati vitawafikia. Nilikuwa nimewaeleza wageni maneno hayo mara nyingi, na niliyaamini. Mvua zilikuwa nyingi, petroli ikawa ya shida, na miezi minne ikapita hatujaenda upande wa Kisorya.

Ndipo Marisela akarudi. Safari hii alikuwa peke yake, na alisindikizwa na Ndugu Mashauri, kijana wa ofisi ya wilaya aliyevaa shati la mikono mifupi na kuongea taratibu. Marisela alikuwa na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na picha sita. Tangu tunaondoka Musoma alikuwa ameipakata kama mtu anayebeba mayai.

Tulipokaribia kwa Nyakwesi Chacha alipunguza mwendo kabla sijamwambia. "Binti Manyama," alisema, "tumepita?"

Hatukuwa tumepita. Ua wa minyaa ulikuwa palepale. Nyuma yake kuta zilibaki mpaka usawa wa kifua, zile zile zenye mistari myekundu, na juu yake hapakuwa na kitu. Nyasi za paa zilikuwa zimevutwa chini zikachomwa, majivu yamelowa mvua yakawa tope jeusi. Ghala la mtama lilikuwa limelala ubavu. Jiwe la kusagia lilikuwa mahali pake, na juu yake amesimama kuku mmoja. Nilishuka garini nikasimama. Nilikuwa najua habari za kuhama, lakini kichwani mwangu kuhama kulikuwa ni watu kubeba vitu na kwenda. Sikuwa nimewaza kabisa kwamba nyumba iliyoachwa nayo hufanywa kitu ili mwenyewe asirudi.

Marisela aliingia hadi ndani ya kuta, akagusa mistari kwa kidole. Akanigeukia.

"Vero, Nyakwesi yuko wapi?"

Ndugu Mashauri alikuwa nyuma yangu. Nikajibu:

"Amehamia kijiji kipya. Kuna maji karibu, na shule."

"Umemwona?"

"Ndiyo. Amefurahi sana."

Nilikuwa sijamwona Nyakwesi kwa miezi minne. Sikujua kama yuko hai. Na kilichonishtua kuliko lile jivu ni sauti yangu: haikutetemeka hata kidogo. Ilikuwa ile sauti ya mezani, niliyokuwa nikiitumia kumwambia mgeni kwamba samaki ni wa leo.

"Vizuri," Marisela alisema. Akairudisha bahasha kwenye mkoba. Chacha hakuniangalia mpaka Musoma.

Mzee Magesa alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni anachagua mchele. "Dada hajambo?" aliuliza. "Amekupa nini?" Kila tulipokwenda Nyakwesi alimtumia kitu, kibuyu cha maziwa au karanga.

"Mzee," nilisema, "hakuna nyumba."

"Hakuna nyumba ya nani?"

Nikamweleza. Aliendelea kuchagua. Aliokota jiwe, la pili, la tatu, akayapanga kwenye ngazi. Kisha akaweka ungo chini na kuvua aproni. "Kesho wageni watakula mkate," alisema.

Sikumwambia nilichomjibu Marisela.

Kesho yake ilikuwa siku yangu ya kupumzika. Tulipanda basi la asubuhi hadi Bunda, kisha tukatembea. Kijiji cha kwanza hawakumjua. Cha pili walituambia, watu wa upande ule wamepelekwa kule bondeni. Tulifika kule saa saba. Viwanja vilikuwa vimepimwa kwa vigingi, mistari imenyooka kama daftari la shule. Baadhi ya watu walikuwa wameshasimamisha nguzo, na wenye vijana wa nguvu walikuwa wanaezeka. Wazee walikuwa kwenye vibanda vya mabua ya mahindi. Mbele ya kimojawapo, amekaa juu ya kinu kilichogeuzwa, alikuwa Nyakwesi. Alikuwa amekonda mpaka shingo imekuwa ya mtu mwingine.

"Magesa," alisema. "Karibuni. Kivuli sina, mtanisamehe."

Mzee Magesa alikaa chini kwenye udongo, akashika mguu wa dada yake.

Nyakwesi alitueleza bila haraka. Siku ile alikuwa shambani akichuma pamba. Walikuwa wametangaziwa, ndiyo, lakini hawakuambiwa ni lini. Aliporudi alikuta mgambo watano. Mmoja alikuwa kijana wa jirani, aliyekula kwake tangu ana meno ya maziwa.

"Alinisalimia kwanza," Nyakwesi alisema. "Shikamoo, mama. Nikaitika marahaba. Ndipo akapanda juu ya paa." Aliitazama mikono yake. "Vyungu vyangu alivitoa mwenyewe nje, kimoja kimoja, kwa adabu. Hakuna hata kimoja kilichovunjika. Hicho ndicho kinachonishindaga kuelewa."

Hapo sikuweza tena. Nikamwambia: "Shangazi, yule mgeni wa Kuba amerudi. Aliniuliza uko wapi. Nilimwambia nimekuona, na kwamba umefurahi."

Mzee Magesa aliinua uso akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile, na sitaki tena.

"Umenitilia maneno mdomoni," alisema Nyakwesi. "Mimi sikukutuma. Nenda ukayatoe."

Marisela alikuwa aondoke keshokutwa yake. Asubuhi iliyofuata niliingia chumba cha kulia na sinia la mayai. Walikuwepo yeye, Ndugu Mashauri, meneja wetu, na wageni wengine wawili waliokuja kwa shughuli za pamba. Niliweka sinia mezani, kwa sababu nilijua nikilishika nitaliangusha.

"Bi Marisela," nilisema, "juzi nilikudanganya. Sikuwa nimemwona Nyakwesi. Nimemwona jana. Yuko kwenye kibanda cha mabua, mvua inaingia, na hajafurahi."

Meneja alisimama. "Binti Manyama, rudi jikoni."

"Nikishamaliza, Ndugu Meneja. Alinituma niseme kwamba yale maneno hayakuwa yake. Nimemaliza."

Ndugu Mashauri aliweka kikombe chini polepole. Nilingoja anifukuze, au aniulize kama najua ninaongea mbele ya nani. Aliuliza, "Ni kijiji gani?"

Nikamtajia.

"Niliambiwa pale kila mtu amejengewa," alisema. Aliliangalia yai lake. "Chacha yuko wapi? Tunakwenda sasa hivi."

Sijui nani alishtuka zaidi, mimi au meneja. Tulikwenda watano: Chacha, mimi, Marisela, Ndugu Mashauri, na Mzee Magesa ambaye hakuomba ruhusa wala hakuulizwa. Nyakwesi alituona tukishuka akasimama na kujifunga kanga vizuri. Alimkumbatia Marisela. Kisha akamgeukia kijana wa wilaya.

"Wewe mtoto wa nani?"

Akataja jina la baba yake. Kwao ni kijiji cha Buswahili, alisema.

"Na mama yako amehama?"

"Hapana, mama. Kwetu tulikuwa tunakaa karibukaribu tayari."

"Basi mna bahati," alisema, bila ubaya wowote, akatugawia viazi vya kuchemsha. Vilikuwa vitano. Tuliokuwa pale, pamoja naye, tulikuwa sita. Wageni tulikula wote, na Ndugu Mashauri alikula chake akiwa amesimama.

Marisela akatoa bahasha. Nyakwesi alizitazama picha moja moja, akimpa Mzee Magesa kila aliyoimaliza. Moja aliishikilia. Ilimwonyesha yeye mlangoni pake, anacheka, ukuta wote wa mistari unaonekana, na paa la nyasi mpya juu yake. Nilidhani atalia.

"Nilichora vizuri," alisema.

Akamnyooshea Ndugu Mashauri ile picha. "Chukua wewe."

"Mama, hii ni yako."

"Mimi nyumba yangu naijua. Wewe ndiye hukuiona."

Aliipokea kwa mikono miwili. Alikwenda kusimama nyuma ya gari kwa muda mrefu, na Chacha akajifanya anakagua tairi.

Yaliyofuata nayaandika kama yalivyokuwa. Wiki mbili baadaye nguzo na nyasi zilifika, na vijana wa kujenga, kwa Nyakwesi na wazee wengine wa mstari ule. Kama ni kwa sababu ya picha, sijui, hakuna aliyetuambia. Mwaka uliofuata Ndugu Mashauri alihamishwa mkoa mwingine, na hilo nalo hakuna aliyetuambia sababu. Marisela aliandika barua moja, nikamsomea Nyakwesi, akacheka mahali palipotajwa rangi ya buluu. Kijiji kilipata bomba na shule, kweli. Watoto waliosoma pale wengine ni walimu leo. Nyakwesi mwenyewe alikubali hilo. "Shule ni nzuri," alisema. "Wangeniambia tu siku."

Mimi nilipelekwa kufua. Mwaka mmoja na miezi kadhaa nilikuwa uani na mashuka na majani ya mpapai, mikono ya kijani mpaka kiwikoni. Mzee Magesa hakunisifu wala hakunilaumu. Ila kila mchana alishuka mwenyewe na sahani, na ndani yake kichwa cha sato, ambacho ninyi wa jikoni mnajua hakipewi mtu hivihivi. Meneja mpya alipokuja alinirudisha mezani, na Mzee Magesa alipostaafu nikashika jiko.

Nyakwesi hakupikia wageni tena. Tulimwomba mara mbili. Mara ya pili alituambia wageni wakale kwa waliowaleta, tukaacha. Kuta zake mpya ziliachwa za udongo mtupu.

Halafu siku moja saa sita mchana, miaka mingi imepita, nikaitwa mbele. Mhudumu alikuwa amechanganyikiwa: kuna bibi amekuja na basi kutoka Bunda, amekaa meza ya dirishani, anakataa kuhamia baraza ya nyuma. Nikaenda. Ni yeye, amevaa kitenge kipya, fimbo ameiegemeza kwenye kitambaa cha meza nilichokikaza mwenyewe asubuhi.

"Shangazi! Umekuja na nani?"

"Peke yangu. Miaka yote nilikuwa napikiaga watu wa kwenu hapa. Leo mimi ndiye mgeni. Nipikie."

Nilirudi jikoni. Nilichagua sato mwenyewe, nikamfungua shavu mara mbili. Nikamrosti kwa maziwa, nikasonga ugali wa mtama na muhogo, nikavipeleka mwenyewe. Alinawa. Alimega, akatafuna taratibu, akitazama ziwa. Wapishi wote walikuwa wamebanana mlangoni.

"Binti Manyama," aliita, sauti ikafika barazani.

"Naam, Shangazi."

"Chumvi umezidisha."

Nikaichukua sahani, nikarudi jikoni, nikampikia sato mwingine.